Mashine ya Pili Isilale Nyumba Moja na ya Kwanza

Nakumbuka Jumanne moja ya mvua, mwanangu Benadeta, mvua zile za kwetu zinazotanguliwa na upepo wa kung'oa mabati, na kila nikiikumbuka naanza kwa kucheka halafu naishia kufuta macho. Usinitazame hivyo. Umekuja mwenyewe hapa mtaani Izia kuniuliza swali, umekaa, umekunywa uji wangu wa ulezi bakuli zima, sasa utasikiliza. Sisi wastaafu hatujibu swali kwa mstari mmoja, maana hatuna pa kuwahi.

Umeniambia ofisi yenu imekupa kazi ya kuchagua sava, hiyo kompyuta mama, na kwamba sava hiyo haitakaa Sumbawanga. Itakaa Dodoma, katika jengo la watu ambao kazi yao ni kutunza mashine za wengine. Zahanati zote, kuanzia huku juu kwetu hadi kule chini ziwani, zitaitegemea. Ukaniuliza, "Mama mdogo, ninunue ipi isiyoharibika?" Haya. Jibu fupi ni kwamba haipo. Anayekwambia anayo, mshukuru kwa soda aliyokununulia, uondoke. Jibu refu ni hili ninalokupa sasa, na wewe mwenyewe umo ndani yake, kwa sababu Jumanne hiyo ulikuwa tumboni mwa dada yangu Matilda kule Namanyere, na ulikuwa umeamua kuja duniani ukitanguliza makalio. Ukaidi wako hukuuanzia chuoni.

Wakati huo nilikuwa fundi wa kompyuta wa hospitali moja ya misheni hapa mjini. Fundi pekee, na mwanamke, na mdomo wangu unaujua. Nikiwa sipo waliniita Bi Kiherehere, nami nilijua na sikujali. Hospitali ilikuwa imeanzisha laini ya akina mama wajawazito. Mama akipata uchungu, yeye au jirani anapiga namba moja tu. Kompyuta inapokea, inaangalia gari la wagonjwa lipi liko karibu na nani yuko zamu, inampigia dereva, inampigia mkunga, na kama hali ni mbaya inaamsha chumba cha upasuaji. Kabla ya hapo watu walipiga simu ya ofisini, na ofisini mtu ametoka kwenda kula. Sitakueleza yaliyotokea kwa baadhi ya hao waliopiga, uji utakutoka.

Sasa, mashine ya kwanza ya laini hiyo ilikufa kwa radi. Na wewe unajua kwetu. Nchi nzima inatucheka, ukisema tu unatoka Sumbawanga mtu anasogeza kiti akidhani utamloga. Lakini shida si wanaotucheka, shida ni sisi tunaoamini. Mashine ilipoungua, hospitali nzima ikaanza kunong'ona kwamba radi ile imetumwa. Na aliyetupiwa lawama ni bibi mmoja aliyekuwa akiuza maandazi nje ya geti, eti wiki ile aliambiwa dawa zimekwisha akaondoka amenuna. Maandazi yake yakakosa wanunuzi. Mimi, msomi, mwenye cheti changu ukutani, sikusema amelogwa mtu, lakini sikusema pia kwamba hakulogwa. Nilinyamaza nikaandika kwamba tunahitaji mashine mpya.

Aliyenikalia kooni ni Mzee Kalisto. Huyu humjui, alifariki ukiwa bado unaota meno. Alikuwa injinia wa simu, amesoma mpaka ng'ambo, akastaafu akarudi mtaani kwake Katandala. Nyuma ya nyumba yake alijenga chumba cha matofali ya kuchoma, akaweka betri, akaweka nyaya kwa mpangilio wa kupendeza, akawa anatunza sava za watu: za shule, za wafanyabiashara, za yeyote asiye na mahali pa uhakika. Kiyoyozi hakuwa nacho, alisema Mungu ameshatuwekea huku Ufipa, akifungua dirisha tu panatosha. Leo kazi hiyo mna majina yake. Sisi tulisema tu kwamba mashine iko kwa Mzee Kalisto.

Aliposikia habari ya yule bibi wa maandazi alinijia juu, na hakuwa mtu wa kupandisha sauti. "Skola," akaniambia, "ukishasema radi imetumwa, umeacha kutafuta ilikopita. Imepita wapi?" Nikasema sijui. Akanichukua mpaka hospitali, akanionesha waya wa antena ulivyoshuka kutoka juu ya paa moja kwa moja hadi kwenye kompyuta, bila kizuizi, bila kuunganishwa na ardhi, barabara ya lami kabisa. "Hapo ndipo alipopita huyo bibi wa watu," akasema. Tukatoka, akanunua maandazi yote yaliyobaki kwenye beseni, tukala njia nzima hadi Katandala. Nakwambia yalikuwa makavu, lakini aliyatafuna yote.

Basi nikapewa kazi ya kupanga mashine mpya, ambayo ingekaa kwake. Na safari hii nikajiapiza kwamba haitazimika. Nilichagua sava kubwa, mwanangu, nzito ya kubebwa na watu wawili. Diski mbili zinazoandika kitu kilekile, moja ikifa nyingine inaendelea. Pawa saplai mbili za kuingiza umeme. Feni za akiba. Kadi mbili za mtandao. Kila kitu pacha. Ilipofika nikaifuta vumbi ambalo haikuwa nalo. Matilda alikuwa na mimba kubwa, alikuja mjini kliniki, nikampeleka akaione. Akasema, "Mdogo wangu, hiki kitu kinapiga kelele kama mashine ya kusaga." Nikamwambia, "Hiki kitu ndicho kitakachopokea simu yako siku ukiniita." Akacheka, akaigusa, akasema basi aisalimie kabisa.

Mzee Kalisto alikuwa na desturi moja. Hakupokea mashine ya mtu chumbani mwake kabla ya kuiua. Ndivyo alivyosema, kuiua. Unaiwasha, unaiacha ifanye kazi yake ya kweli, mnapikiwa chai, halafu mwenye mashine anaanza kuchomoa kimoja kimoja kwa mkono wake mwenyewe huku wote mkitazama. Siyo kwa maelezo, siyo kwa karatasi ya kiwandani. Kwa mkono.

Nikachomoa waya wa pawa saplai ya kwanza. Mashine ikalia kidogo, ikaendelea. Nikamtazama kwa jicho la pembeni. Nikachomoa diski moja ikiwa inazunguka. Ikaendelea. Nikazima feni, nikatoa kebo moja ya mtandao, kazi inaendelea, simu za majaribio zinapokelewa. Nikajiona nimefika. Nikapakua chai, nikaongeza sukari bila kuuliza.

Mzee Kalisto akainuka taratibu, akafuata zile nyaya mbili za umeme kwa kidole kutoka nyuma ya mashine. Moja ikashuka, ikapita chini ya meza. Nyingine ikashuka, ikapita chini ya meza. Zote mbili zikaishia kwenye kibao kimoja cha soketi, na kibao kile kikaingia kwenye betri moja, na betri ile kwenye soketi moja ya ukutani. Akainama, akaishika plagi ile ya ukutani. "Na hii je?"

Nikamrukia mkono. Haki ya Mungu, nilimshika mzee wa watu mkono kama mwizi. "Mzee, hapo itazima!"

Akaniuliza, bila kuuondoa mkono wake, "Nani wako yuko kwenye laini hii?"

"Dada yangu."

"Na Mungu akitaka kuchomoa hapa, utamshika mkono naye pia?"

Nilikasirika, mwanangu. Nikamwambia nimeweka vitu viwili viwili, nifanye nini tena, niuzalie na ukuta pacha? Akasema, "Ndiyo. Umenunua pacha wa kila kitu halafu umewalaza kitanda kimoja, nyumba moja, na mlango mmoja. Nyumba ikiungua utatuletea majivu mawili." Nikachukua mkoba wangu nikaondoka. Nilitembea kutoka Katandala hadi nyumbani nikilia njiani kama mtoto aliyenyang'anywa muwa, watu wakinisalimia nikijifanya nina mafua.

Kilichonirudisha ni Matilda. Siyo kwamba alisema neno. Aliporudi Namanyere alinipigia kuniuliza kama lile dude langu la kelele limekubaliwa, nami nikataka kusema ndiyo. Nikaona ninamdanganya mtu ambaye maisha yake nimeyaweka kwenye plagi moja. Kesho yake nilikuwa mlangoni kwa Mzee Kalisto, nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kiti, hakunikumbusha lolote. Hiyo ndiyo adabu ya wakubwa wa zamani.

Tukapanga upya. Ile mashine kubwa tuliirudisha kwa muuzaji kabla haijachafuka, nikaiaga kama ninaaga mchumba, tukachukua mbili ndogo za kawaida. Unasikia? Mbili za kawaida badala ya moja ya kujivunia. Moja ikakaa Katandala kwa Mzee, ikitumia umeme wa mjini, ambao wakati ule ulitoka Zambia na ulikuwa na siku zake za kununa. Ya pili ikakaa hospitalini, kwenye chumba cha sola, na betri zake yenyewe, isijue hata kama Zambia ipo. Moja ilitumia mtandao wa simu huu, nyingine ule. Diski tulizichagua za viwanda tofauti, maana Mzee alisema zilizozaliwa siku moja zinaweza kufa siku moja. Na kutwa nzima mashine hizo zilikuwa zikiitana, nipo, nipo, nipo. Moja ikinyamaza, mwenzake haulizi, anapokea simu zote.

Mimi ile ya hospitalini niliidharau. Ilikuwa ndogo, ya rangi ya kijivu, imekaa pale bila kazi. Nilimwambia Mzee tunalisha mtu asiyelima. Akasema tumwombee asilime kamwe.

Halafu radi. Pale Katandala tulichimba shimo nyuma ya kile chumba, tukasimika fimbo ndefu ya shaba, na kwa kuwa ardhi yetu kiangazi hukauka ikawa kama sufuria, tukaizungushia mkaa na chumvi, tukamwagia maji, ili radi ikija ishuke ardhini na isione haja ya kuingia ndani. Hiyo ni kazi ya kawaida ya mafundi umeme popote. Lakini hebu jione wewe ni jirani, unachungulia juu ya ua: mzee mmoja na mwanamke mmoja wamepiga magoti, wanafukia shaba, mkaa na chumvi shimoni, na mwanamke anamimina maji huku akihesabu. Sumbawanga! Jirani mmoja, Mzee Fidelisi, akaniita, "Binti, mnazika nini hapo?" Na mimi, jua limenichoma, matope hadi magotini, nikamjibu, "Kazi ya hospitali, haikuhusu." Jamani, mdomo wangu. Mzee Kalisto alinitazama, akasema tutakwenda kuwaeleza vizuri. Hatukwenda. Kazi zilitubana, siku zikapita, mvua zikaanza.

Ndipo ikaja ile Jumanne. Baada ya chakula cha mchana nilikwenda Katandala kupuliza vumbi kwenye feni. Mbingu ilikuwa imeshikana kuanzia upande wa milima ya Mbizi, nyeusi tii. Mzee Kalisto alikuwa ameketi na redio yake, ananiambia nifanye haraka nisinyeshewe. Nilikuwa nimeinama, nimeshika brashi, radi ilipopasuka. Sijui nikuelezeje. Kila kitu kilikuwa cheupe, halafu harufu ya plastiki inayoungua, halafu mvua ikamwagwa juu ya bati hata sikusikia ninapiga kelele. Mashine ilikuwa imekufa. Betri ilitoa moshi. Mzee alikuwa ameshainuka, anavuta nyaya za betri kwa taulo, na redio yake nayo imenyamaza.

Nikatoa simu kumpigia mtu hospitalini. Hakuna mtandao, mnara wa laini yangu nao ulikuwa umezimika. Nikakimbilia mlangoni, kwa sababu asubuhi ile Matilda alikuwa ameniambia mgongo unamuuma na hajisikii vizuri, na mimi, nikijua siku zake bado, nikamwambia apumzike tu. Apumzike! Mzee Kalisto akanitazama, akasema, "Nenda."

Nilipata baiskeli ya kukodi, kijana wa watu akaniendesha katika mvua ile, tunateleza, tunaanguka, tunainuka. Njia nzima nilikuwa ninazungumza na ile mashine ya kijivu. Niliiomba msamaha, mwanangu, kompyuta. Niliiambia nilikuwa natania. Nilisali salamu Maria nikachanganya na namba za kuunganishia mtandao, Mama Bikira mwenyewe alijua nilichokuwa namaanisha.

Nikaingia chumba cha sola nimelowa mpaka mifupa. Taa yake ilikuwa inawaka. Kijani, kadogo, kametulia kabisa. Nikawasha kioo chake. Simu kutoka Namanyere ilikuwa imeshapokelewa, na namba niliifahamu, ni ya jirani yake Matilda. Dereva wa gari lililokuwa zamu upande wa Nkasi, wilayani kwa Matilda, alikuwa ameshaitika. Mkunga ameshaitika. Chumba cha upasuaji kimeshaambiwa. Yote hayo yalikuwa yamefanyika wakati mimi bado nimesimama Katandala na brashi mkononi. Nilikaa sakafuni pale pale, katikati ya betri, nikalia kwa sauti, mpaka sista wa zamu akaja kuuliza nani amefariki.

Gari lilifika giza halijaingia, limepakwa tope hadi kwenye vioo. Wakamshusha Matilda. Alikuwa amekonda uso kwa maumivu, midomo imekauka, lakini aliponiona akafungua macho yote. "Skola, mbona umelowa hivyo? Na unalia nini wewe, si mimi ndiye ninayeumwa?" Nikamshika mkono hadi mlango wa upasuaji. Daktari alitoka baadaye akasema wangechelewa kidogo tu angempoteza mmoja, au wote. Ndipo nikakusikia. Ulilia kwa hasira, Benadeta, kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Nilijua papo hapo kwamba umenirithi mimi.

Kesho yake nikarudi Katandala kutafuta radi ilikopita, maana nilikuwa nimeshajifunza kuuliza hivyo. Tukaenda nyuma ya chumba. Shimo limefukiwa vizuri, limesawazishwa, limekanyagwa. Waya umekatwa. Fimbo ya shaba haipo. Tumesimama tunashangaa, Mzee Fidelisi akatokea kwenye ua, kofia mkononi, kichwa chini.

"Kalisto ndugu yangu," akasema, "mimi ndiye niliyeitoa. Niliogopa. Nina wajukuu humu ndani. Nikasema kitu hiki kitatuletea balaa mtaani. Nikaitupa chooni."

Nilitaka kumrarua. Naapa, maneno yote ya Kifipa ambayo mama alinikataza yalikuja mdomoni kwa mstari. Lakini Mzee Kalisto alicheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye tofali, akafuta macho, akamwita Fidelisi aketi naye, akamweleza pole pole fimbo ile ni ya nini. Akamwambia bibi yule wa maandazi amelaumiwa bure kwa kitu hiki hiki. Fidelisi akauliza kwa woga kama radi ya jana imeumiza mtu. Nikamwambia ilikuwa nusura imuue dada yangu. Alilia, mwanangu, mzee mzima. Kisha akashika koleo akachimba shimo jipya kwa mikono yake, na toka hapo hakuna aliyeweza kusogelea fimbo mpya tuliyoisimika humo, alikuwa akiilinda kuliko kuku wake.

Fidelisi alipokwisha kuondoka, Mzee Kalisto akaniambia, "Skola, ulipanga diski kufa. Ulipanga umeme kukatika. Ulipanga radi. Je, ulimpanga Fidelisi?"

Nikasema hapana.

"Wala mimi," akasema. "Nimefanya kazi hii tangu ujana wangu, na sikumpanga Fidelisi. Ndiyo sababu mashine ya pili iko kwingine."

Sasa mwanangu, rudi kwenye sava yako ya Dodoma. Usitafute isiyoharibika. Chukua diski zako na useme, hii imekufa, je, nini kinaendelea? Chukua pawa saplai uulize vilevile, kisha fuata nyaya zake kwa kidole mpaka mwisho, usiishie mahali panapong'aa. Waulize hao wenye jengo umeme unaingia kwa njia ngapi, na jenereta yao mara ya mwisho iliwashwa lini kwa kazi, siyo kwa wageni. Wakikwambia wana nyaya mbili, waambie wakuoneshe zinapoachana, na kama haziachani popote, hizo ni moja. Usione haya kuuliza. Wewe ni mpangaji, na mpangaji mwenye akili hukagua paa kabla ya kulala.

Na kumbuka utakuwa huku, nayo iko kule. Diski ikifa Jumapili, nani ataingiza nyingine? Iwepo ya akiba kwenye jengo hilo hilo, na mtu anayejua ni ipi, na njia ya wewe kuiona mashine ukiwa hapa hata inapokataa kuwaka. Mkaaji wa mbali akikosa jicho anabaki kusali, nami nimekwambia nilivyosali.

Tena usije ukanichanganyia pacha na nakala, nitakufinya. Diski pacha zinafanya yote sawa, ukifuta kitu kwa makosa zinafuta zote mbili kwa utiifu mkubwa. Nakala ni ile iliyolala pengine, ya jana, isiyojua makosa yako ya leo. Na nakala ambayo hujawahi kuirudisha ukaiona inafanya kazi, usinihesabie. Mashine ya pili nayo isilale nyumba moja na ya kwanza. Mabosi watakwambia inakaa bure. Wajibu kwa heshima, sio kama mimi, kwamba unaiombea iendelee kukaa bure.

Halafu iue kabla hujaipokea. Nenda Dodoma mwenyewe, nitakulipia nauli usijali, uchomoe kwa mkono wako wakati simu zinaingia. Na unapochomoa usimfikirie mkubwa wako wa kazi. Mfikirie mama mmoja unayempenda, yuko njia mbovu, mvua inanyesha. Ukiona mkono wako unasita, simama hapo hapo, kuna kitu hujakipanga. Na waeleze watu unachofanya, mafundi, walinzi, wafagizi, majirani, uwaeleze kwa upole, kabla hawajauliza. Neno nililomjibu Mzee Fidelisi lilitaka kukunyima wewe dunia.

Kuna jambo moja la mwisho, na hili ulichukue taratibu. Mama yako hajui. Mpaka leo, akiwa pale Namanyere anapepeta maharage yake, anajua tu kwamba jirani alipiga simu, gari likaja, ukazaliwa. Hajui kwamba saa ile kulikuwa na moshi Katandala. Nilitaka kumwambia mara nyingi, nikaona nikimwambia nitamharibia kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, yaani siku ambayo kila kitu kiliharibika na yeye asihisi lolote. Nawe usimwambie.

Basi njoo karibu, inamisha kichwa. Mungu wa mababu zetu akupe kazi isiyosifiwa. Mashine zako zife zikiwa na wenzao. Akina mama wa Kirando na wa Chala na wa huku kwetu wapige simu katika mvua mbaya kuliko ile, waitikiwe, wajifungue, wawanyonyeshe watoto wao wakaidi, wazeeke, na wasijue kamwe kwamba kuna kitu kilizimika.